Barua ya Kuacha Kazi na Hofu ya Kutolewa Siku Hiyohiyo

Mtu anayetaka kuacha kazi mara nyingi haiogopi kazi mpya anayoiendea. Anaogopa zile wiki nne za katikati. Ofa ameshaipata na barua ameshaiandika, lakini inalala kwenye mkoba kwa sababu amesikia kwamba bosi wa pale, akisoma tu mstari wa kwanza, husema: kabidhi funguo, kompyuta na kitambulisho, uondoke leo hii. Mwezi mzima bila mshahara, na kodi ya nyumba haijui kungoja. Kwa hiyo wengi huchagua njia ya kimya. Hufanya kazi kama kawaida hadi tarehe ya mshahara, fedha zikiingia simu inazimwa, na Jumatatu kiti kiko kitupu. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo imepigwa kichwa chini miguu juu. Hatari ya kutolewa mapema ipo kweli, lakini sheria za Tanzania na Kenya zimeiwekea bei, na mwenye kuilipa bei hiyo ni mwajiri. Kutoweka nako kuna bei yake, ila hiyo hulipwa na mfanyakazi, tena kwa mafungu ambayo mengine hujitokeza baada ya miaka.

Kwanza tuondoe ushauri usiotuhusu. Mengi yanayosomwa mtandaoni kuhusu taarifa ya wiki mbili yanatoka Marekani, ambako katika karibu majimbo yote mwajiri na mwajiriwa wanaweza kuachana wakati wowote, na zile wiki mbili ni desturi tu ya kiungwana. Jimbo la Montana ndilo linalojulikana kwa kuwa na sheria yake tofauti tangu 1987. Mtu wa kule akitolewa siku aliyowasilisha barua, kwa kawaida hana anachodai zaidi ya ujira wa siku alizofanya kazi. Hofu yake ina msingi. Tatizo ni kwamba hofu hiyo imesafiri na kufika Dar es Salaam na Nairobi bila kusafiri na sheria iliyoizaa.

Kwetu mambo yamepangwa vingine. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya 2004, kinaweka kima cha chini cha notisi: siku 7 ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, na baada ya hapo siku 4 kwa anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayeajiriwa kwa mwezi. Mkataba unaweza kuongeza muda huo, lakini kwa sharti moja ambalo watu wachache hulitazama wanaposaini: muda uwe sawa kwa pande zote mbili. Mkataba unaomtaka mfanyakazi atoe miezi mitatu huku mwajiri akijiwekea mwezi mmoja unakwenda kinyume na sheria hiyo. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 35, nayo inataka siku 28 kwa maandishi kwa anayelipwa kwa mwezi. Anayelipwa kwa vipindi vifupi zaidi hutoa notisi inayolingana na kipindi chake cha malipo, na kibarua wa siku anaweza kuagana na mwajiri jioni bila notisi yoyote. Sheria hiyo ya Kenya ina hata kipengele cha lugha: mfanyakazi asiyeielewa notisi aliyopewa, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha anaelezwa kwa mdomo kwa lugha anayoifahamu.

Taarifa ya kuacha kazi haihitaji ruhusa. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalobeba mengine yote. Barua nyingi za Tanzania hubeba kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: YAH: OMBI LA KUACHA KAZI. Mwandishi wake anadhani anaonyesha adabu, kumbe anampa ofisa utumishi nafasi ya kumjibu kwamba ombi lake limekataliwa, au linafikiriwa, au lirudishwe mwakani. Katika mkataba usio na kikomo, mfanyakazi anatoa taarifa, na siku zinaanza kuhesabika tangu ilipopokelewa. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi nchini Kenya imeeleza katika hukumu zake kwamba kujiuzulu ni tendo la upande mmoja lisilongoja kukubaliwa na mwajiri. Kwa hiyo kinachotakiwa kwenye barua ni vitu vichache: tarehe ya leo, tarehe ya siku ya mwisho kazini, na sababu kwa sentensi moja isiyo na matusi wala historia. Heshima iwekwe kwenye lugha ya barua, isiwekwe kwenye kichwa chake.

Sasa tufike kwenye ile hofu yenyewe. Mwajiri amepokea barua yenye siku 28 na siku ya pili anasema hamhitaji tena. Kenya imeliandikia jambo hili kifungu chake peke yake, cha 38: mfanyakazi akitoa notisi, na mwajiri akaamua kuisamehe yote au sehemu yake, mwajiri huyo atamlipa ujira wa siku zile ambazo hazikutumikiwa, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Mfanyakazi aliyetolewa mapema huwekewa mezani karatasi inayosema pande zote zimekubaliana notisi isilipwe, na kwa furaha ya kuondoka anaisaini bila kuisoma. Sahihi hiyo ndiyo inayoufuta mshahara wake wa mwezi. Mwajiri mkali hakuufuta.

Tanzania haina kifungu kinachotaja hali hiyo kwa uwazi wa namna ile, lakini njia ya kufika mahali palepale ni fupi. Barua ya mfanyakazi imetaja siku ya mwisho. Mwajiri anayemtoa kabla ya siku hiyo ndiye anayeukata mkataba mapema, na kifungu cha 41 kinamruhusu kufanya hivyo bila kungoja siku ziishe pale tu anapolipa kile ambacho mfanyakazi angekipata kama angefanya kazi katika kipindi hicho cha notisi. Mchukue mhasibu wa duka la jumla Morogoro anayelipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Ametoa taarifa Juni 3, siku yake ya mwisho ni Juni 30. Akitolewa Juni 5, anastahili ujira wa siku alizofanya kazi na ujira wa siku zilizobaki hadi tarehe 30. Hapotezi kitu, na zaidi ya hapo amepata wiki tatu na nusu za kupumzika au kuanza kazi mpya mapema. Jedwali la sheria hugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kwa hiyo wiki nne za mhasibu huyu ni kama shilingi 553,900. Kama mkataba wake unasema mwezi mmoja badala ya siku 28, ni vizuri audai huo mwezi: tofauti ni zaidi ya shilingi 46,000, na katika Morogoro hiyo si fedha ya kuacha mezani.

Hali hubadilika mwajiri anapopandwa na hasira. Badala ya kusema nenda, utalipwa siku zako, anaandika barua ya kumfukuza. Hapo sheria haitazami tena kuacha kazi, inatazama kufukuzwa. Mwajiri anatakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu wa haki, na barua ya kuacha kazi haihesabiwi kuwa kosa la nidhamu. Kenya inataka mfanyakazi asikilizwe kabla ya kuachishwa kwa kosa. Tanzania inaweka mzigo wa kuthibitisha kwenye mabega ya mwajiri. Na hapa ndipo mwajiri anapojiongezea gharama kwa mkono wake mwenyewe: Tanzania, aliyeacha kazi kwa hiari hapati kiinua mgongo, lakini aliyeachishwa na mwajiri bila kosa la nidhamu baada ya kutumikia angalau miezi 12 hulipwa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Ni kweli kinyume chake pia kipo. Mkataba unaendelea kuishi hadi siku ya mwisho, na anayeiba, anayelewa kazini au anayemtukana bosi katika wiki ya mwisho anaweza kufukuzwa kama mwingine yeyote. Notisi haimpi mtu kinga.

Ukilinganisha na hayo, kutoweka kunagharimu nini? Gharama ya kwanza inaonekana mara moja. Kwa sheria ya Tanzania, mfanyakazi anayekataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi anaweza kukatwa, kutoka kwenye fedha anazodai, kiasi ambacho angelipwa kwa kipindi hicho. Likizo aliyoilimbikiza, ambayo huhesabiwa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi, inaweza kuishia humo. Gharama ya pili ni jina. Kanuni za Utendaji Bora za Tanzania za 2007 zinaorodhesha kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano za kazi miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu, na kifungu cha 44 cha sheria ya Kenya kinautaja utoro kati ya sababu za kumfukuza mtu papo hapo. Aliyedhani ameacha kazi, faili lake linasema amefukuzwa kwa utoro. Miaka minne baadaye benki au shirika linapopiga simu kuuliza habari zake, anayepokea ni karani mpya ambaye hakuwahi kumwona, na karani huyo atasoma kilichoandikwa. Katika nchi zote mbili mfanyakazi anayeondoka ana haki ya kupewa cheti cha utumishi. Lakini haki hiyo inadaiwa na mtu aliye tayari kuonekana, na aliyezima simu amejiwekea ukuta mbele yake.

Lipo pia suala la kula likizo ndani ya notisi, ambalo ofisi nyingi huliona la kawaida: nina siku 20 za likizo, basi nitafanya kazi siku nane tu kati ya 28. Sheria ya Tanzania hairuhusu notisi kutolewa wakati wa likizo wala kwenda sambamba na likizo. Likizo isiyotumika hulipwa fedha. Mwajiri anayekuambia umalizie likizo humohumo kwenye notisi anajiokolea malipo.

Hapa msomaji wa Tanzania atauliza kuhusu ile notisi maarufu ya saa 24. Imeenea sana mitaani, na wapo wanaoamini kwamba ni haki ya kila mtu: unaandika leo, unalipa mshahara wa mwezi mmoja, kesho uko huru. Kenya ingewaunga mkono kwa sehemu kubwa, maana kifungu cha 36 kinampa kila upande, mwajiri na mfanyakazi, uwezo wa kulipa badala ya kutoa notisi. Lakini sheria ya Tanzania, inapozungumzia malipo badala ya notisi, inamtaja mwajiri. Mfanyakazi anayetaka njia hiyo anaipata kwenye mkataba wake kama umeandikwa hivyo, au kwa makubaliano na mwajiri. Bila mojawapo ya hayo, saa 24 zake ni kuondoka kabla ya muda, na makato yanafuata. Sina ubishi na wanaoitumia pale mwajiri mpya anapokataa kusubiri, na wakati mwingine mwajiri huyo mpya hukubali kulipa gharama yenyewe akiombwa. Ninachopinga ni kuitumia kwa woga wa kutolewa, kwa sababu hapo mtu anamlipa mwajiri mwezi mzima ili kuepuka hali ambayo mwajiri ndiye angemlipa yeye.

Pingamizi zito kuliko yote linasema hivi: hayo yote ni ya vitabuni. Mlinzi wa getini, mhudumu wa hoteli, dada wa kazi za nyumbani, hawana mkataba wa maandishi wala nguvu ya kubishana, na akitolewa leo ataishi na nini wakati sheria inatembea? Pingamizi hili lina ukweli, na sitalipuuza. Fedha za notisi zinazolipwa baada ya miezi hazinunui unga wa wiki hii. Ndiyo maana anayejua tabia ya mwajiri wake afanye maandalizi kabla ya kuwasilisha barua: achukue vitu vyake binafsi, aweke nakala za mkataba na hati za mshahara nyumbani, na kama anaweza, awasilishe barua baada ya mshahara kuingia badala ya kabla. Kufanya hivyo ni tofauti kabisa na kutoroka. Lakini sehemu ya pili ya pingamizi, ile ya kukosa mkataba, ni dhaifu kuliko inavyosikika. Mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba wa maandishi au maelezo ya ajira mbele ya chombo cha sheria, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti anayodai mfanyakazi ni wake, na ndivyo ilivyo Tanzania na Kenya. Karatasi anayoihitaji mfanyakazi zaidi ni ile anayoweza kuitengeneza mwenyewe: nakala ya barua yake ya notisi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Wakikataa kugonga muhuri, picha ya barua iliyotumwa kwa baruapepe au kwa WhatsApp siku hiyohiyo inaacha alama ya saa na dakika.

Baada ya hapo ipo milango ya kubisha. Tanzania, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, hupokea mgogoro kwa fomu, na mdai anaweza kwenda mwenyewe, au na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au na mtu anayemwamini. Msuluhishi anatakiwa amalize kazi yake ndani ya siku 30 tangu shauri lilipofikishwa, isipokuwa pande zenyewe zikubaliane kuongeza muda. Muda ndio unaowaangusha watu wengi: anayelalamikia kuachishwa isivyo halali ana siku 30 tangu aachishwe, na madai mengine, kama ya malipo ya notisi peke yake, yana siku 60. Kenya ni wapole zaidi, madai ya mkataba wa kazi yanaruhusiwa hadi miaka mitatu, ingawa ushahidi wa miaka mitatu iliyopita si rahisi kuukusanya kama wa wiki iliyopita.

Waajiri nao wana hoja yao, na si ya kubeza. Mtu anayekwenda kwa mshindani anaona orodha ya wateja, bei za wasambazaji na nywila za mifumo. Kumwacha mezani siku 28 ni kumpa muda wa kunakili. Nakubali. Lakini dawa yake inajulikana na mabenki huitumia: mtu anazimiwa mifumo siku hiyohiyo, anakwenda nyumbani, na mshahara wake unaendelea hadi tarehe aliyoitaja. Usalama wa taarifa za kampuni ni gharama ya kampuni. Kumtoa mtu bila malipo kwa kisingizio hicho kuna matokeo mengine ambayo mwajiri huyaona amechelewa, kwa kuwa wenzake waliobaki wamejionea kinachompata anayetoa taarifa kwa uaminifu. Wa pili hataandika barua. Waajiri wanaolalamika kwamba vijana siku hizi wanaondoka bila kuaga wangeanza kwa kuuliza aliyeaga mara ya mwisho alitendewa nini.

Hoja yangu ina mipaka, na mpaka wa kwanza ni ugeni kazini. Tanzania, mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo halindwi na masharti ya kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo akitolewa kwa hasira ana haki ya notisi na kidogo zaidi ya hapo. Kenya, aliye kwenye kipindi cha majaribio hutoa au hupewa siku 7. Mwaka 2021 majaji watatu wa mahakama ya ajira waliamua kwamba kumnyima mtu wa majaribio haki ya kusikilizwa ni kinyume cha Katiba, lakini siku zenyewe hazikuongezeka. Mpaka wa pili uko ng'ambo. Mkenya au Mganda aliye Qatar anaweza, tangu marekebisho ya 2020, kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kibali cha wa zamani, kwa notisi ya mwezi mmoja kama ametumikia hadi miaka miwili, na miezi miwili akizidisha. Anayeondoka kule bila notisi anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka, na hapo kinachochezewa ni haki yake ya kuishi nchini humo.

Mpaka wa tatu ndio unaowanasa wengi zaidi, kwa sababu ajira za miradi na za mashirika sasa ni za mwaka mmoja mmoja au miwili miwili. Kwa Kanuni za 2007 za Tanzania, mwenye mkataba wa muda maalumu hawezi kujiondokea kwa notisi tu kabla ya tarehe ya mwisho. Anaweza kuondoka iwapo mwajiri amevunja mkataba kwa jambo la msingi, kama kutolipa mishahara, au iwapo mwajiri atakubali mkataba uishe mapema. Mara nyingi mkataba wenyewe umeweka kipengele cha notisi, na hapo makubaliano yameshapatikana tangu siku ya kusaini. Usipokuwa nacho, barua inayofaa ni ya ombi kwelikweli, inayotaja tarehe inayopendekezwa na kuacha mstari wa sahihi ya mwajiri. Na kabla ya kumwahidi mwajiri mpya kwamba utaanza tarehe mosi, sahihi hiyo iwe imeshapatikana.